Kopo la Vifungo

Haya, akina mama, kaeni vizuri. Mwenye mtoto amnyonyeshe. Mwenye jirani wa kunong'ona naye amalizane naye sasa hivi, maana mfano wa leo unahusu masikio, na sitaki mtu aje aniambie mlangoni kwamba hakusikia.

Palikuwa na mji mmoja huko mbugani. Nauita mji kwa heshima tu. Ulikuwa mtaa mmoja, mpana wa kutosha mkokoteni wa ng'ombe kugeuka, na nyumba za mabati huku na huku. Ukipiga chafya mwanzo wa mtaa, mtu wa mwisho wa mtaa anakuitikia "afya!" Ulianzia kwenye kisima cha kunyweshea mifugo. Penye kisima pakaja mnada wa ng'ombe. Penye mnada hapakosi mwenye supu, na mwenye supu hawezi kukaa mbali na bucha. Akaja kinyozi na kioo chake, akaja fundi wa kushona katambuga kwa matairi mabovu, akaja mwenye duka la chumvi ya ng'ombe, sabuni za mche na mafuta ya taa. Watu wote walikuwa wametoka kwingine. Hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye kaburi la babu yake pale.

Na kuuzunguka mji huo ni majani. Ukitazama mashariki ni majani, magharibi ni majani. Mlima hakuna, hata kichuguu cha kujivunia hakuna. Masika yakiisha, majani yanamzidi mtu mrefu, na baridi ikiingia, ukungu wa asubuhi unatanda juu yake kama maziwa yaliyoganda. Ukiwa humo ndani huoni mkono wako. Sasa niambieni ninyi: mtu aliyeshuka kwenye lori huko njia panda, akavuka mbuga hiyo kwa miguu, alikuwa anaujuaje mji uko wapi?

Alikuwa anaujua kwa mashine.

Mashine ya kusaga, mama zangu. Ilikuwa ya mzee mmoja mpole, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka vidole vya miguu. Na juu ya bomba la moshi la injini yake alikuwa amefunga kopo, lile kopo kubwa la maziwa ya unga, kalitoboa tundu kando, kalibana kwa waya. Moshi ukitoka, kopo linapiga: tuku! tuku! tuku! Mnaijua sauti hiyo, mmekua nayo. Watu wa vitongoji vya mbali wakiisikia wanasema leo mashine inasaga, wanajitwika mahindi. Na msafiri wa majanini alikuwa na elimu yake moja tu: ukiusikia mlio mbele ya pua, uko njiani, ukiusikia sikioni, umeshapinda.

Sasa, mkabala na mashine, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kibaraza cha fundi cherehani. Mama mmoja hivi, mnene wa wastani, futi shingoni, chaki sikioni, pini mdomoni. Huyu ndiye mwenye mfano. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtasema namsema fulani.

Huyu mama alikuwa mwema. Sare za watoto wa mji mzima alishona yeye, na mtoto wa maskini hakurudi na kiraka chake mkononi. Lakini alikuwa na kaugonjwa kamoja. Alipenda habari. Habari za watu! Nani kagombana na nani, nani kaonekana anatoka kwa kinyozi na hana nywele za kunyoa. Wewe wa benchi la nyuma, cheka taratibu, bado sijafika kwako.

Na habari zote za mji ule zilikuwa zinasagwa pale mashineni pamoja na mahindi. Wanawake wanakaa foleni, ndoo mbele, miguu wameinyoosha, wanazimwaga. Fundi anaziona kwa macho. Anaona mikono inavyopigwa, anaona vinywa vinavyozibwa kwa khanga, anaona mtu anaanguka kwa kicheko. Lakini kusikia? Tuku! tuku! tuku! Anasikia kopo.

Hebu fikirini mateso hayo. Uone sherehe dirishani na mlango umefungwa. Siku nyingine alikuwa anasimamisha cherehani, anainamisha kichwa, anapata kineno kimoja: "...mke wa muuza bucha..." tuku! tuku! "...ndani ya pipa..." tuku! tuku! Ndani ya pipa kulikuwa na nini? Alilala na swali hilo wiki nzima, maskini wa Mungu. Akienda kuuliza siku ya pili anaambiwa, "Aa, mama fundi, yale yalishapita."

Basi akaanza kulalamika. Hakusema nataka kusikia umbea. Nani husema hivyo? Alisema kichwa kinamuuma. Alisema anapima kiuno cha mtu, anakosea kwa sababu ya kelele. Alisema watoto wachanga wanashtuka. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alikuwa na suti yake mezani kwa fundi, imeshakatwa, haijashonwa. Mnadhani mwenyekiti alisema nini?

"Mama fundi ana haki," akasema mwenyekiti kwenye mkutano. "Mji unakua huu. Mji wa kisasa hauna makelele."

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na nguo yake kwa yule mama. Nani anataka ugomvi na mtu anayemkata suruali? Wakanyoosha mikono, pitisha, pitisha, likapita.

Yule mzee wa mashine hakubishana. Alisema kitu kimoja tu: "Jamani, kopo lile si langu peke yangu." Hawakumuuliza maana yake. Alisubiri injini ipoe, akapanda, akalifungua waya, akalifuta kwa kanzu yake ya kazini, akavuka barabara na kulileta kwa mikono miwili kama mtu anayeleta zawadi.

"Haya mwanangu," akasema. "Upumzike."

"Ahsante baba," akajibu fundi. "Si kwa ubaya, ni kichwa tu."

"Kichwa ni kitu kikubwa," akasema mzee, akarudi kwenye unga wake.

Fundi akalisugua kopo kwa majivu mpaka likang'aa, akaliziba tundu kwa kitambaa, akatia vifungo vyake humo. Alikuwa na vifungo vya kila aina huyu mama: vya mashati, vya makoti, vya lulu za bandia, vya shaba alivyovikata kwenye koti la askari mstaafu. Vikajaa mpaka juu. Akaliweka mezani kando ya cherehani, na kila akilitazama anatabasamu. Si kapata kopo, na amani kapata?

Na kweli akasikia. Mashine ikawa inanguruma kwa chini chini tu, kama paka aliyeshiba, na maneno yakawa yanavuka barabara mazima mazima. Akaijua habari ya pipa: mke wa muuza bucha alikuwa ameficha gongo. Akajua ya kinyozi. Akajua ya mwenyekiti, ambayo humu kanisani haisemeki. Na siku ya tatu au ya nne akasikia sauti ya mama mmoja muuza maandazi ikisema:

"Yule fundi wetu naye! Kola zake, moja inatazama mashariki, moja inatazama magharibi. Ukivaa gauni lake watu wanadhani umekasirika na wewe mwenyewe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi akajichoma sindano. Ndiyo hivyo, mama zangu, ukifungua dirisha ili upunge hewa, huchagui hewa ya kuingia. Akanuna kutwa. Lakini kesho yake alikuwa pale pale, sikio limesimama.

Sasa huyu fundi alikuwa na binti yake mmoja, kipenzi chake, ameolewa mbali, upande wa pili wa mbuga. Binti ana mimba ya kwanza. Na ninyi mnajua desturi: uzazi wa kwanza binti anarudi kujifungulia kwa mama yake. Kabla simu hazijafika huko, salamu zilikuja na mchuuzi wa mbuzi: "Mkwe mwenzio anakuletea binti. Wanashuka njia panda na lori la Ijumaa alfajiri. Tumbo limeshashuka, jiandae."

Fundi akajiandaa. Akashona vinguo vidogo vya flaneli, akapika mafuta, akafua mashuka, akatandika kitanda kwenye chumba cha nyuma. Ijumaa akaamka kabla ya jogoo. Akafungua mlango.

Ukungu! Hakuuona hata mtaa. Mashine iko ng'ambo ya barabara na haionekani, unasikia tu watu wanazungumza ndani ya weupe kama malaika. Akasema moyoni, si neno, kutoka njia panda ni mwendo wa asubuhi, jua likipanda watakuwa wamefika. Akaweka maji ya kuoga motoni. Akaketi kibarazani kungoja, na kwa kuwa kungoja kunachosha, akategesha sikio.

Na habari ya asubuhi ile ilikuwa ya kinyozi tena. Kinyozi alikuwa amemnyoa bwana mmoja nusu kichwa, mke wa bwana yule akaingia dukani na mwiko wa ugali, bwana akatoka mbio hivyo hivyo, nusu ana nywele nusu hana, na hajaonekana tangu hapo. Fundi alicheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka pini zikamtoka mdomoni, alicheka kicheko kile cha kuruka juu ya mabati. Kikumbukeni kicheko hicho. Kiwekeni pembeni hapo, tutakirudia.

Jua likapanda, kwa saa lakini, si kwa macho. Ukungu haukuondoka. Maji ya kuoga yakachemka, akayaongeza, yakachemka tena. Muda wa kufika ukapita. Fundi akasimama mlangoni. Akaketi. Akasimama.

Ndipo akatokea muuza maziwa na punda wake. Alikuwa amelowa chapachapa, ameshika mkia wa punda kwa mikono miwili.

"Leo nimeletwa na huyu," akasema. "Mimi mwenyewe nilishapotea tangu chini kule. Jamani, nani anangoja wageni?"

Fundi akamsogelea. "Kwa nini unauliza, kaka?"

"Nimeona nyayo. Za wanawake wawili. Mmoja kavaa katambuga, mwingine miguu mitupu na anakanyaga kwa uzito, kama mtu mwenye mzigo mbele. Zinazunguka zunguka, zinakwenda, zinarudi. Mwisho nikaziona zimeshika upande wa kinamasi."

Kinamasi! Kinamasi cha mbuga ile kilikuwa hakirudishi ng'ombe, sembuse mjamzito. Fundi akapiga ukelele. Akakaza khanga kiunoni, akateremka kibarazani akielekea majanini kama alivyo, futi shingoni.

Akadakwa mkono. Ni yule mzee wa mashine.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Niache baba! Mwanangu yuko kinamasini!"

"Ukiingia humo tutakuwa tunatafuta watatu. Ita."

Akaita. Aliita jina la binti yake mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamsaidia kuita. Ukungu ukazimeza sauti zote kama matambara yanavyomeza maji. Ndipo lilipomjia. Akamgeukia mzee, akamshika kanzu.

"Kopo, baba! Lifunge kopo! Washa mashine, lifunge kopo!"

Mzee akamtazama kwa huruma. Hakumcheka wala hakumsimanga. Alisema tu:

"Kopo liko kwako, mwanangu."

Mama zangu, yule mama alikimbia! Akavuka barabara, akaingia ndani, akalikuta kopo mezani, limejaa vifungo. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapompenda na kumwogopa. Alilishika kopo, halafu akaanza kuangaza macho chumbani. Mnajua alikuwa anatafuta nini?

Bakuli. Bakuli la kumiminia vifungo visipotee.

Binti yuko kinamasini na tumbo lake, na mama anatafuta bakuli! Akafungua kabati. Akainama chini ya meza. Akashika sufuria, akaona ina mafuta ya uzazi. Akashika kikapu, akaona kina matundu. Tusimcheke. Mikono yetu imezoea kuhifadhi, na hata nyumba ikiungua huokoa kwanza kijiko. Ikawa yuko pale, kopo kwapani, anazunguka, mpaka akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mwanamke, una wazimu?"

Akatoka nje, akalipindua. Vifungo vikamwagika mchangani vyote, vya lulu na vya shaba, kuku wakavikimbilia wakidhani mtama. Hakutazama nyuma. Aling'oa kile kitambaa kwa meno, akampa mzee kopo.

Mzee akapanda, akalibana waya. Akavuta mkono wa injini. Kopo likaanza: tuku, tuku, tuku. Lakini jembamba, la kukohoa.

"Mbona halisikiki?" fundi akalia.

"Mashine tupu hukohoa tu," akasema mzee. "Ipewe mzigo ndipo ingurume. Mahindi! Nani ana mahindi?"

Foleni ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka na unga wake. Watu wakasitasita. Mtu wa kwanza kurudi mbio kutoka nyumbani kwake na sinia la mahindi kichwani alikuwa nani? Yule mama wa maandazi. Yule wa kola. Akayamwaga kwenye mdomo wa mashine, akafuta jasho, akasema, "Haya, nguruma basi!" Wengine wakafuata, huyu na debe, huyu na kibaba, mwingine akaleta mtama aliokuwa ameuhifadhia pombe na hakuna aliyemuuliza. Mashine ikashiba, ikashika mzigo, na kopo likafunguka koo:

TUKU! TUKU! TUKU! TUKU!

Mabati yakatetemeka. Vikombe vya mwenye supu vikacheza mezani. Na yule mama aliyesema kichwa kinamuuma akasimama chini ya bomba lenyewe, uso juu, analia, anasema, "Piga! Piga, baba, piga!"

Wakangoja. Ni vigumu kungoja na masikio yamejaa mlio. Hamsikii kama kuna anayeitikia. Mnapiga tu, kwa imani. Sinia likaisha, likaja sinia. Mtama ukaisha, yakaja mahindi.

Mpaka nyuma ya bucha majani yakatikisika, na sauti ya mwanamke mkali ikasema:

"Hodi wenyewe! Hivi mji huu una watu au una majani tu?"

Ni mkwe mwenzake! Kalowa mpaka kiunoni, katambuga moja mguuni na moja mkononi, tope mpaka kwenye nyusi. Na nyuma yake, ameshikilia ncha ya khanga yake, yule binti. Mzima. Tumbo mbele, meno nje kwa baridi, mzima!

Yaliyofuata siwezi kuyasimulia kwa mpango maana hayakuwa na mpango. Fundi alimkumbatia binti, akamkumbatia mkwe, akamkumbatia muuza maandazi, akamkumbatia punda. Watu wakapiga vigelegele. Mzee wa mashine akauliza kwa ishara, nizime? Fundi akampigia kelele juu ya mlio:

"Ole wako uzime! Kuna wengine humo!"

Wala hakukosea, kwa maana kabla ya adhuhuri majani yaliwatoa wachunga ndama waliopotea, na mchuuzi wa chumvi, na hata yule bwana wa nusu kichwa, kaja akifuata mlio mwenyewe, amejifunika gunia.

Uchungu ukamshika binti mchana ule ule, kwenye kile chumba cha nyuma, katikati ya vipande vya vitambaa. Akazaa salama mtoto wa kike mwenye mapafu ya kweli kweli. Alipolia, mkwe akasema, "Huyu hapotei mbugani, huyu ni kopo." Na wenye midomo wakamwita hivyo hivyo mpaka alipoanza shule, ingawa jina lake la ubatizo lilikuwa zuri tu.

Jioni wakawa wamekaa, uji wa pilipili manga mikononi, mtoto amelala. Mmeijua ile raha ya mtu aliyekwisha kuokoka? Kila kitu kinachekesha. Mkwe anaeleza alivyotumbukia, fundi anaeleza alivyotafuta bakuli, wanacheka mpaka uji unamwagika. Ndipo binti akasema, polepole, huku anapuliza bakuli lake:

"Lakini mama, asubuhi sisi tulifika."

"Mlifika wapi?"

"Hapa. Kabla ya kupotea. Tulifika mpaka nyuma ya nyumba hizi, nilishika bati kwa mkono wangu huu. Mama mkwe akasema huu ndio mji. Mimi nikasema hapana. Kwetu kuna mlio. Hapa hakuna mlio. Nikaogopa ni ile kambi ya wezi wa ng'ombe wanaojificha majanini, nao wana wanawake wanaowapikia. Tukasimama kimya. Mara tukasikia mwanamke anacheka. Anacheka sana, peke yake. Nikamshika mama mkwe mkono, nikamwambia tuondoke upesi. Tukageuka, tukakimbilia huko kulikokuwa na kinamasi."

Fundi akaweka bakuli chini.

"Hamkukijua kicheko?"

"Kicheko, mama?" akasema binti. "Kicheko kipo kila mji. Mlio ndio ulikuwa wetu."

Mama zangu. Kile kicheko mlikiweka pembeni? Kichukueni sasa.

Mtoto wake alikuwa ameshika ukuta. Ukuta! Palikuwa na bati moja kati ya binti na maji ya moto, kati ya mimba na kitanda kilichotandikwa. Akageuka kwa sababu ndani alisikia watu wanafurahishana, na hakusikia kitu kinachomwita.

Mungu alimhurumia mama yule. Tushukuru, maana si kila aliyegeuka amerudi, na huyu alirudishiwa wawili, mmoja ndani ya mwingine. Lakini sisi je?

Sisi tunaimba vizuri humu ndani. Tunacheka vizuri zaidi pale nje baada ya ibada, nawaona. Habari zetu ni tamu, na nani asiyejua kwamba ni tamu? Sasa huko nje kuna mtu ameshika ukuta wetu. Pengine ni binti yako uliyegombana naye kwa ajili ya mwanamume yule. Pengine ni mume wa mtu, kajifunika gunia la aibu. Anasikiliza. Anasikia nini? Anasikia mlio, au anasikia wanawake wanamcheka mtu?

Na yale makopo tuliyoyashusha, ni mangapi? Kikao kilichopita tulisema kengele yetu, ile rimu ya lori, ipigwe taratibu kwa sababu inaamsha watu. Jamani, kengele ikisha kumwacha mtu alale, inabaki na kazi gani? Tulisema vijana wapunguze ngoma, vichwa vinatuuma. Tulimwambia yule mama wa mtaa wa chini aache kupita nyumba kwa nyumba akiuliza wagonjwa, anajipendekeza. Tulisema kwa adabu, tukanyoosha mikono, likapita, kwa kuwa hakuna aliyetaka kugombana na mwenzake. Na kila kopo tulilolishusha tumelisugua likang'aa, tumetia vifungo vyetu ndani yake, tumeliweka mezani tunalitazama.

Mtaniuliza, je, fundi aliacha umbea? Aache wapi! Nani kawaambia aliacha? Alivuka barabara tu. Akachukua kigoda chake na kazi yake ya mkono, akaenda kukaa kwenye foleni karibu na wenzake, akasikia kila kitu vizuri na kopo likipiga juu ya kichwa chake. Kumbe siku zote ilikuwa ni kuvuka barabara. Na kola za yule mama wa maandazi alizirudia bure, zikanyooka.

Vifungo hakuviokota. Kuku walimeza baadhi, mvua ikafukia vingine. Mkifika mji ule mvua ikinyesha mtaona watoto wanaviokota mchangani.

Basi nendeni nyumbani. Kila mmoja anajua kopo lake liko wapi, hahitaji kuonyeshwa. Ukilifikia lipindue hapo hapo mlangoni, na mwanangu, nakusihi, usianze kutafuta bakuli.